Mapigo Sabini na Mawili

Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi pale Magongo kununua mpira wa maji, ule wa kijani wa kumwagilia, na kabla muuzaji hajaukata niligeuka nikatoka. Aliniita nyuma, "Mama, mbona wakimbia? Bei twaongea!" Sikuwa nakimbia bei. Harufu ya mpira mpya ilinipanda puani, nikasimama kando ya kibanda cha chapati moyo ukinienda mbio, mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu. Nyinyi wa rika langu mnajua jinsi harufu inavyoweza kumkamata mtu barabarani bila taarifa. Wengine wenu ni harufu ya sare mpya, wengine ni uji wa shule uliokwisha kuungua. Mimi ni mpira wa maji uliochanganyika na mafuta taa. Nikiunusa narudi kuwa na miaka kumi na mitano, niko kidato cha pili katika shule ya kutwa huko Kisauni.

Mwalimu wetu wa bayolojia tulimwita Bandama. Jina lake lilikuwa Mwadime, Mtaita mrefu mwenye sauti ya kwaya, na hilo la Bandama alilipata siku yake ya kwanza, alipotuuliza bandama liko wapi mwilini, na watoto arobaini na watatu wakashika matumbo, magoti na shingo. Maabara yetu ilikuwa chumba chenye meza ndefu na sinki ambalo halijawahi kuonja maji. Darubini ilikuwa moja na kioo chake kilipasuka kabla sijazaliwa. Mwalimu Bandama hakulalamika. Alikwenda buchani akarudi na mapafu ya mbuzi ndani ya ndoo, akayatia pampu ya baiskeli, akayajaza upepo mpaka yakafura mbele ya macho yetu, wasichana wakapiga mayowe na Swaleh, mchekeshaji wa darasa, akaanguka na kiti chake. Siku nyingine alileta miguu ya kuku, akatuonyesha ukano mmoja mweupe: ukiuvuta, vidole vya kuku aliyeliwa jana vinafumba kama anataka kushika kitu. Nilikwenda na mguu wangu nyumbani nikavifumba vile vidole karibu na pua ya bibi. Bibi alinifukuza uani na mwiko, akisema ile si shule, ni uganga.

Zaidi ya yote, mwalimu yule aliigiza. Aliwahi kuwa figo, aliwahi kuwa utumbo mwembamba. Siku moja alikuwa mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki: akatoa macho, akayumba, akajilaza sakafuni kimya, nasi tukahesabu sekunde kwa sauti mpaka alipofumbua jicho moja akauliza, "Haya, nimekosa nini?" Tukajibu sote, "Umekosa oksijeni!" Tukapiga makofi. Katika shule yetu hakuna mwalimu mwingine aliyepigiwa makofi.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kila aliyesoma sayansi enzi zetu analijua, na hakuna anayelisema mbele ya mwanawe. Tulikuwa tukipika. Kupika ni kulitafuta jibu kitabuni kwanza, halafu kuandika kwamba umeliona kwa macho yako. Mimi nilijifunza kupika kwa uchungu. Katika kidato cha kwanza, mwalimu mwingine alituambia tuweke vipande vya kiazi kwenye maji tupime vimerefuka kiasi gani. Mama yangu alikuwa akiuza viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, nikachukua kimoja kikuukuu kutoka guniani kwake, na kiazi kile hakikurefuka hata unywele. Niliandika hivyo hivyo: hakikurefuka. Nikapewa sufuri, na nikaulizwa mbele ya watu kama na mimi pia ni kiazi. Tangu siku ile viazi vyangu vyote vilirefuka. Nikawa wa kwanza darasani, na daftari langu likawa linapita dawati kwa dawati kama kikapu cha sadaka, kila mtu akichukua badala ya kutia.

Ndipo ikaja siku ya moyo. Mwalimu Bandama aliingia na faneli mbili za plastiki, mpira wa maji wa mita moja na nusu na puto lililokatwa. Faneli moja aliitoa jikoni kwake, bado inanuka mafuta taa. Akafunga kila kitu kwa uzi, akatuonyesha: upande huu kifuani, upande huu sikioni.

"Leo mtasikiliza moyo wa mtu," alisema.

"Wa nani, Mwalimu?" Swaleh aliuliza, macho yakiwa upande wa wasichana.

"Si wa huyo unayemtazama." Darasa lilicheka. "Humu mna wasichana na wavulana, na wazazi wenu nawajua. Hakuna atakayemwekea mwenzake faneli kifuani. Mtasikiliza wangu."

Tuliona ni adabu hiyo, tena adabu njema. Wala hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Akakaa kitini, akafungua vifungo viwili, akaibana faneli mwenyewe juu ya fulana yake. Kitabuni, ukurasa tulioukariri, ilisemwa kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara sabini na mbili kwa dakika.

"Mtu mmoja, dakika moja," alisema. "Andikeni mnachosikia. Msiandike anachotaka Mwalimu, msiandike kinachotaka kitabu. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Hatukumwamini hata kidogo. Walimu wote husema hivyo.

"Kadzo, anza wewe."

"Abee, Mwalimu."

Nilishika faneli ya mafuta taa nikaitia sikioni. Nilitegemea ngoma iliyonyooka, du-du, du-du, kama alivyokuwa akitupigia mezani kwa vidole. Nilichosikia kilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi asiyoijua. Hatua mbili. Kimya. Hatua tatu za haraka. Kimya kirefu mpaka mimi mwenyewe nikabana pumzi, kisha hatua nyingi kwa pamoja, zimekanyagana. Nilihesabu, nikapotea, nikahesabu tena. Zilikuwa zaidi ya mia moja, hilo nina hakika nalo mpaka leo.

Niliinua uso. Mwalimu Bandama alikuwa akinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha usoni. Alinikazia macho. Mimi, kwa akili zangu za miaka kumi na mitano, nilidhani ananikanya nisimwaibishe.

Mambo mengi yanaweza kupita katika kichwa cha mtoto kwa muda mfupi sana. Kwanza nilidhani mpira umetoboka. Kisha nikadhani labda ndivyo mioyo ya watu wazima inavyopiga, kwa vile inabeba karo na matanga, na kitabu kimewafichia watoto. Mwishowe nikamkumbuka bibi. Nyumbani kwetu mtu hamtajii mkubwa wake kasoro ya mwili, sembuse mbele za watu. Huo ni uchuro. Bibi alikuwa akisema maradhi yana masikio, ukiyaita jina yanageuka kukutazama. Nani mimi nimwitie mwalimu wangu maradhi darasani?

"Umepata?" aliniuliza.

"Nimepata, Mwalimu."

"Basi andika."

Nikaandika sabini na mbili.

Wenzangu wakafuata mmoja mmoja. Nilimwona Swaleh akikunja uso, akiugonga mpira kwa kidole, akisikiliza tena, kisha akanigeukia mimi na si mwalimu. Daftari langu lilikuwa limekwisha kuanza safari yake. Waliojua kupika hawakunakili kavu kavu, kwa sababu mpishi mzuri hubadilisha chumvi: mmoja akaandika sabini, mwingine sabini na tatu, Swaleh akaandika sabini na nne. Kengele ilipolia, Mwalimu Bandama aliyakusanya madaftari yote mwenyewe, akayakumbatia, akatoka akiimba wimbo wa kanisani. Nilifurahi kumwona amefurahi. Nilijiona mtoto mwenye adabu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata alikuwa akitufundisha jinsi damu inavyoganda. Alichora mshipa ubaoni, chaki ikamponyoka. Aliinama kuiokota, mkono ukapita kando yake ukashika hewa. Akarudia, ukapita tena. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwalimu alipotugeukia, nusu ya uso wake ilikuwa imeteremka, jicho limelegea, mdomo umekwenda upande, na akasema kwa ile sauti yake nzuri, "Mshipa... mshipa wa sahani... kesho ya..."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Hakuwahi kuigiza vizuri namna ile. "Bandama! Bandama!" Alishika ukingo wa meza, akateleza taratibu, akaenda chini, nasi tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kulisimulia jambo hili nikijiondoa humo, na huo ni uongo. Tukaanza kuhesabu sekunde, watoto arobaini na watatu kwa sauti moja, moja, mbili, tatu, na Swaleh akapiga kelele, "Amekosa nini?" tukajibu, "Oksijeni!" Tulifika thelathini na moja. Hapo msichana wa dawati la mbele aliona suruali ya mwalimu inalowa na maji yanatambaa sakafuni kuelekea viatu vyake. Akaacha kuhesabu. Sauti zikazimika moja baada ya nyingine, na mtoto mmoja wa nyuma ambaye hakuwa ameona akaendelea peke yake mpaka thelathini na sita.

Sipendi wasimulizi wanaobania, kwa hivyo naliweka wazi: hakufa. Walimpakia kwenye pikapu ya muuza maji wakamkimbiza hospitali. Kiharusi, tuliambiwa. Mimi nilisimama langoni na vumbi la chaki mikononi, kwa kuwa nilikuwa nimeiokota ile chaki, na sikuweza kulia wala kwenda nyumbani. Swaleh alikuja akasimama karibu yangu. Mzaha wote ulikuwa umemtoka.

"Kadzo, na wewe ulisikia?"

"Nilisikia nini?"

"Usinichezee. Ule moyo. Wallahi mie nilidhani mpira umetoboka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na daftari lako lasema sabini na mbili? Wewe ndiye wa kwanza. Nikaona kasoro ni masikio yangu."

Tuliulizana watu wanane siku ile, na wote wanane walisikia. Kila mmoja alijilaumu mwenyewe au akalaumu mpira, akalifuata jibu langu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na watu wazima waliirudia methali hiyo wiki nzima wakimsema Mwalimu Bandama. Hawakusema lolote juu ya anayemfichia mwenzake.

Mwezi ulipopita alirudishwa kwake Frere Town, na shule ikatutuma mimi na Swaleh tupeleke maziwa na machungwa kwa niaba ya darasa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimekusudia kusema. Njia nzima nilijipangia maneno, nikajiapiza kwamba nitayasema kabla sijakaa, maana nikikaa nitanywa soda na nikinywa soda sitasema tena.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni wanangu." Mkewe, Mama Sofi, alitufungulia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye leso kiunoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Piteni. Mwalimu, wanafunzi wako hawa."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, mkono wa kulia umewekwa mapajani juu ya kitambaa. Alitutazama, na jicho moja likafurahi. "Haya," akasema.

"Ndilo neno alilobaki nalo," Mama Sofi alisema, akituvutia viti. "Akitaka maji ni haya, akikasirika ni haya, akisali ni haya. Lakini anawasikia na anaelewa kila kitu, msimzungumze kama hayupo."

Nilikaa. Ndivyo nilivyo. Nikapewa soda nikaishika.

"Daktari asema ni moyo," Mama Sofi aliendelea. "Ulikuwa haupigi sawa, damu ikaganda ndani yake, bonge likapanda kichwani. Na mtu huyu alikuwa na barua! Zahanati walimwandikia barua mwezi mzima kabla, aende hospitali kubwa akapimwe moyo. Kila nikimwambia twende, ni kesho. Alikuwa akijihesabu mwenyewe, hapa kwenye mkono, na kila akihesabu anapata vingine. Akaniambia, 'Mtu hawezi kujipima, atapata lile analoliogopa. Nitawapa watoto wanisikilize. Watoto hawana sababu ya kunidanganya.'"

Swaleh aliweka chupa yake chini. Mimi sikuweza kuweka yangu.

"Alirudi jioni ile anaimba. Akayatandaza madaftari yenu pale mezani. 'Mama Sofi, njoo uone! Sabini na mbili. Sabini. Sabini na nne. Hawajanakiliana, tazama, kila mtu ana yake! Watoto arobaini na watatu, na wote wasema mimi ni mzima.' Barua akaitia motoni mbele yangu, ikachemsha chai. Nami nilifurahi, jamani. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yenu."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Hakujua. Alituelekeza kwenye kabati, madaftari yalikuwa pale yamepangwa vizuri, akasema tuyachukue maana mitihani ilikuwa karibu. Nimepata misiba mikubwa kuliko hiyo baadaye, nimezika mzazi, lakini sijawahi tena kuhisi ardhi inaondoka kama nilivyohisi kwenye kiti kile. Kumbe yale macho aliyonikazia hayakuwa ya kunikanya. Alikuwa akiniuliza.

Nililitafuta daftari langu katika rundo. Ukurasa ulikuwa na alama ya vyema kwa wino mwekundu, kubwa, na chini yake ameandika, "Safi sana, Kadzo." Nikalipeleka nikapiga magoti mbele ya kiti chake, na maneno yote niliyoyapanga yakanipotea.

"Mwalimu, nilidanganya. Sikusikia sabini na mbili. Nilisikia unaruka na unakwenda mbio, zaidi ya mia, nikaogopa kukwambia. Hawa wengine walinifuata mimi."

"Unasemaje?" aliuliza Mama Sofi nyuma yangu.

Sikugeuka. Mwalimu Bandama alinitazama. Uso ule uliokufa nusu haukuniambia kama ana hasira au hana. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua kalamu iliyokuwa juu ya fumbo la maneno katika gazeti kando yake, akaliweka daftari langu juu ya goti. Ilimchukua muda. Mkono ule haukuzoea kuandika, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Akaikata ile vyema kwa mistari miwili, akaweka kosa kubwa juu yake. Lilikuwa kosa langu la kwanza katika bayolojia tangu kile kiazi, na nilistahili.

Nilidhani amemaliza, nikaanza kuinuka. Akaangusha kalamu, akaugeuza mkono kiganja juu, akauweka mbele yangu kwenye mkono wa kiti. Kwa kidevu akanionyesha saa ya ukutani.

"Haya," akasema.

"Mwache apumzike," Mama Sofi alisema, sauti imembadilika. "Daktari amempa dawa, sasa yuko sawa. Kliniki yake ni mwezi ujao."

"Haya," mwalimu akarudia, kwa nguvu.

Nilimshika kwenye kifundo kama alivyotufundisha, vidole viwili, si kidole gumba. Ngozi ilikuwa ya moto. Niliitazama saa nikahesabu dakika nzima. Nilipomaliza, yale yale yaliyonijia darasani yalinijia tena: adabu, uchuro, mkewe amesimama pale anangoja nimpe neno zuri, na neno zuri nalijua, limeandikwa kitabuni.

"Mia moja na ishirini na sita, Mwalimu," nikasema kwa sauti. "Na yanaruka."

Mama Sofi alifungua leso akaifunga upya kiunoni, akapiga magoti, akaanza kutafuta viatu vya mumewe chini ya kiti.